Betri ni ya Nani?

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini gari la umeme lisubiri chaji, ilhali betri iliyokwisha ingeweza kutolewa na iliyojaa ikawekwa kwa dakika chache. Wazo hilo wanaliona jipya, kumbe lina umri wa zaidi ya karne. Huko Hartford, Marekani, katika miaka ya 1910, kampuni ya umeme ya mji iliwahudumia wenye malori kwa utaratibu huo huo: mteja alinunua lori pasipo betri, betri ikabaki mali ya kampuni, naye akalipa ada ya mwezi pamoja na malipo ya kila maili. Huduma ilidumu hadi 1924.

Aliyelifufua wazo hilo kwa kishindo ni Shai Agassi wa Israel, mwanzilishi wa Better Place mwaka 2007. Alikusanya takribani dola milioni 850, akajenga vituo Israel na Denmark, na mitambo yake ikabadilisha betri kwa dakika tano hivi. Mitambo ilifanya kazi. Nalisisitiza hilo, maana wengi hudhani mradi ulikwama kiufundi. Kilichokosekana ni magari. Renault Fluence Z.E. peke yake ndiyo iliyoweza kutumia vituo hivyo, kwa kuwa watengenezaji wengine hawakuwa tayari kuunda magari yao kwa kufuata umbo la betri ya mwenzao. Mei 2013, yakiwa yameuzwa magari yasiyofika 1,500, kampuni ikafilisika.

Kwetu suala hili limeingia kwa mlango wa bodaboda. Nairobi na Kigali, betri ya pikipiki hubebwa kwa mikono, na mwendeshaji hawezi kupoteza saa za kazi akingoja chaji. Kwake hesabu inakubali. Ila kampuni hupenda betri yake isiingie katika pikipiki ya mwingine.

Kenya ilikwisha kuipita njia hii kwa mitungi ya gesi. Kila kampuni ilikuwa na vali yake, hadi kanuni za 2009 zikalazimisha vali ya aina moja na kubadilishana mitungi. Wajazaji haramu wakautumia mwanya huo, kampuni zikalalamika, na kanuni za 2019 zikauondoa ubadilishanaji wa lazima. Betri ni ghali kuliko mtungi, na uchakavu wake hauonekani kwa macho. Ofisa anayeandaa kanuni zake hana budi kueleza, kabla hata ya umbo la plagi, ni nani atakayepima uzima wa betri na ni nani atakayelipa ikichakaa mikononi mwa kampuni nyingine.