Satelaiti iliyopita juu ya Goma mwaka 1972

Wandugu, ukisema hapa Carama kwamba unasoma historia ya nyota, kuna mtu atakujibu: hayo ni ya Wazungu, sisi tushughulike na karatasi zetu kwanza. Sawa, karatasi ni muhimu. Lakini hii historia imepita karibu na kwetu kuliko tunavyodhani, yaani juu ya vichwa vyetu kabisa.

Tarehe 15 Novemba 1972 roketi ya Scout ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la chuma ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba SAS-2, satelaiti ya Marekani ya kupima miale ya gama. Miaka miwili kabla, tarehe 12 Desemba 1970, palepale ilirushwa dada yake ya miale ya eksi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, ndiyo maana ile satelaiti ikaitwa Uhuru. Mradi wote ulisimamiwa na mama mmoja wa NASA, Marjorie Townsend. SAS-2 haikupata jina la Kiswahili. Mimi naona ilistahili.

Kwa nini waje mpaka huku? Hewa inazuia miale ya gama, kwa hiyo lazima kipimo kipande juu. Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Halafu kuna sababu nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa: juu ya ikweta sumaku ya dunia inafukuza chembe nyingi za angani ambazo zingechafua vipimo. Ni kama kusikiliza redio mahali pasipo na kelele.

Sasa chukua ramani. Njia ya SAS-2 haikutoka nje ya nyuzi 2 kaskazini au kusini mwa ikweta. Goma iko ndani ya ukanda huo. Maana yake satelaiti ilipita juu ya Kivu karibu mara 14 kwa siku, na mtu wa Bujumbura alikuwa nayo upande wa kaskazini. Nani angeitazama? Mwaka huo wazee wa Burundi wanaukumbuka kwa mauaji yaliyoanza mwisho wa Aprili, na kwa maelfu ya watu waliokimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Mambo yote mawili ni ya 1972, na sioni sababu ya kuandika moja na kuacha lingine.

Ilifanya kazi mpaka tarehe 8 Juni 1973, umeme wake ukaharibika. Haikufikisha hata miezi 7! Lakini ilikuwa imeshaonyesha kwamba mkanda wa nyota tunaouona usiku unang'aa kwa miale ya gama.

Kitu kimoja haikuweza kukiona: kulipuka kwa kibete cheupe. Kibete cheupe ni nyota iliyomaliza kuni zake, imebaki na ukubwa kama wa dunia lakini uzito unaokaribia wa jua. Ikipokea gesi nyingi kutoka kwa nyota jirani, au ikigongana na kibete mwenzake, kaboni iliyo ndani inaweza kuwaka yote kwa sekunde chache. Nyota inatawanyika, haibaki kitu. Mwaka 1969 Donald Clayton, Stirling Colgate na Gerald Fishman waliandika kwamba milipuko ya nyota inatengeneza nikeli-56, ambayo inageuka kobalti-56, kisha chuma. Nusu ya nikeli inageuka kwa siku 6, nusu ya kobalti kwa siku 77, na kila mgeuko unatoa miale ya gama yenye nguvu yake maalumu, kama sauti ya mtu unayemfahamu. SAS-2 ilipima miale yenye nguvu zaidi ya hiyo.

Basi wakangoja. Tarehe 21 Januari 2014, London, mwalimu Steve Fossey alikuwa anafundisha wanafunzi kutumia darubini, mawingu yanakuja, wakaielekeza haraka kwenye galaksi ya M82. Kulikuwa na nyota isiyokuwepo zamani: kibete kilicholipuka, kama miaka-nuru milioni 12 kutoka hapa. Wakaiita SN 2014J. Satelaiti ya Ulaya, INTEGRAL, ikageuzwa kuitazama. Hiyo haina lenzi, kwa sababu gama inapita tu kwenye kioo. Ina bamba lenye matundu. Mnajua bati la zamani linavyotupa vidoa vya jua sakafuni, na jua likisogea vidoa vinasogea? Kwa vidoa hivyo inajua miale imetoka wapi. Ikasikia sauti ya kobalti, miaka 45 baada ya kutabiriwa. Hesabu ikatoa nikeli ya uzito wa kama 0.6 ya jua letu, yote ikielekea kuwa chuma. Chuma kingi kilicho kwenye sufuria na kwenye damu yetu kilitoka kwenye milipuko ya aina hiyo, iliyotokea kabla ya jua kuwepo.

INTEGRAL iliacha kazi ya kupima mwaka 2025. Marekani inaandaa nyingine, COSI, iliyopangwa kurushwa 2027, ambayo itapima hasa miale ya aina hii. Itazunguka juu ya ikweta, yaani Butembo itakuwa chini yake, na Waitaliano wametoa kituo cha Malindi kipokee data zake.