Vichezeo vya umeme vikikufa, nani alipe?

Kigari cha rimoti, mdoli anayeimba, simu ya plastiki yenye taa, viatu vya mtoto vinavyomulika akitembea: vitu hivi siku hizi vinauzwa hata katika masoko yetu ya Kasongo na Kabambare. Vingi vimetengenezwa China, vinapita dwane mbili tatu, kisha pikipiki inavifikisha Nyangwe. Mtoto anafurahi wiki chache. Halafu tunasikia neno lile: "Imekufa, tupa tu."

Tupa wapi? Shimoni, nyuma ya nyumba, Lualaba, ama motoni. Hapo ndipo linapokuja jambo linaloitwa wajibu wa mtengenezaji.

Maana yake ni nini

Kwa ufupi: aliyetengeneza kitu, au aliyekiingiza nchini kukiuza, anabeba pia gharama ya kukikusanya na kukibomoa kikishakufa. Wazo hili lilipewa jina lake huko Sweden mwaka 1990 na Thomas Lindhqvist. Umoja wa Ulaya uliliweka katika sheria ya taka za umeme mwaka 2002, na vichezeo vimo. Alama yake ni pipa la taka lenye mistari miwili iliyopishana juu yake. Ukiiona chini ya kigari, inasema: usinitupe pamoja na taka za nyumbani.

Kila kampuni inalipa kadiri ya vitu inavyouza. Mahali pengine, kitu kilicho rahisi kufungua na kutoa betri hulipiwa kidogo zaidi. Hivyo mtengenezaji anapata sababu ya kutengeneza kitu kinachorekebishika.

Kwa nini wanunuzi wa mitraye hawavitaki

Waya nene wa shaba una bei. Betri ya gari ina bei. Lakini kigari cha mtoto kina gramu chache tu za shaba, motor ndogo kama kidole na plastiki nyingi. Hakuna atakayelipa pikipiki kukipeleka Kindu. Basi soko peke yake halitavikusanya, na ndiyo sababu pesa lazima itoke kwa yule aliyepata faida mwanzoni.

Na si jambo dogo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2023 na WEEE Forum, shirika linalounganisha wakusanyaji wa taka za umeme, inasema kila mwaka vichezeo vya umeme kama bilioni 7.3 hutupwa duniani. Watu wengi hawavihesabu kama taka za umeme kabisa.

Kwetu kuna jambo jingine la kuumiza. Maniema inachimba kasiterite, kule Kalima, Kailo na Punia. Karibu nusu ya bati yote ya dunia hutumika kulehemu, hasa ndani ya vifaa vya umeme. Bati inatoka jimboni ikiwa mali, inaweza kurudi ndani ya kichezeo, na mwisho inabaki kwetu ikiwa uchafu.

Majirani wamefika wapi

Kenya ilipitisha sheria ya kusimamia taka mwaka 2022, na mwaka 2024 ikatoa kanuni za wajibu wa mtengenezaji. Jambo la kuangalia ni hili: mwingizaji wa bidhaa naye anahesabiwa kuwa mtengenezaji. Hakuna haja ya kumfuata mwenye kiwanda hadi China.

Rwanda ina kituo cha kubomoa vifaa vya umeme huko Bugesera, na tangu 2018 ina kanuni za taka hizo.

Kongo yetu ina sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira. Ndani yake imo kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni ni nzuri, lakini mpaka mtu atajwe, kiasi kitajwe na mahali pa kukusanya patajwe, anayelipa ni kijiji.

Mlango ni dwane

Mama anayeuza vigari kumi juu ya meza si yeye wa kubebeshwa mzigo huu. Ulaya yenyewe, sheria inalazimisha kupokea bure vifaa vidogo vilivyokufa, hata kwa asiyenunua kingine, maduka yenye mita za mraba 400 na zaidi tu. Hapa kwetu mwenye uwezo ni mwingizaji mkubwa. DGDA inamwona anapolipa ushuru, OCC inakagua mzigo wake. Ada ndogo kwa kila katoni ingeweza kukatwa palepale, na pesa hiyo ingelipa usafiri kutoka Kasongo na Kabambare. Pasipo sehemu ya usafiri, ada itaishia mijini, na sisi tutakuwa tumelipa kwa bei ya sokoni bila kupata kitu. Hilo ndilo la kuwauliza wabunge wetu, wa Kindu na wa Kinshasa.

Kwa sasa, nyumbani

- Toa mawe (betri) mara kichezeo kinapokufa. Yakikaa humo yanavuja na kuharibu hata kile ambacho fundi angeweza kuokoa.
- Usichome. Waya za plastiki zikiungua hutoa moshi wa sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye karibu na moto.
- Usivunje mawe kutafuta unga mweusi. Una manganizi, na mawe mengine ya bei ya chini yana risasi au zebaki. Yaweke ndani ya chupa kavu ya plastiki, mbali na watoto, mbali na kisima.
- Peleka kichezeo kwa fundi wa redio. Motor, taa, spika na waya vinaweza kufanya kazi tena.
- Ukinunua, chagua kile ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu.

Skrubu hiyo inaokoa maisha. Betri ndogo ya duara, kama kifungo cha shati, mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa mbili tu. Usimtapishe, usingoje kesho: mkimbize hospitali wanakoweza kupiga picha ya radio, na ueleze wazi kwamba amemeza betri.

Kwa hiyo wajibu wa mtengenezaji hauanzi siku kitu kinapokufa. Unaanza kiwandani, na skrubu moja.