Digrii ya Sanduku la Posta

Ukisema hapa Machakos kwamba unasoma digrii ukiwa nyumbani, swali la kwanza ni moja: "Ni ya ukweli ama ni ya mtandao?" Nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwa matatu ya kwenda Nairobi, na nimelisikia kwa harusi, shangazi wawili wakilinganisha watoto wao. Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba digrii halisi hupatikana mahali: penye geti, soja wa geti, hosteli na ukumbi wa mihadhara. Inayokuja kwa njia nyingine ni kama kiatu cha mtumba. Vaa, lakini usijigambe.

Nina sababu zangu za kuchimba hii stori. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea BA ya historia na fasihi, karo iliponishinda. Tangu hapo naandika kwa kulipwa, mara nyingi makala ya wateja ambao sijawahi kuwaona, kuhusu bidhaa ambazo sitawahi kununua. Sasa nataka kumaliza ile BA bila kuacha kazi, maana kazi ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Kabla sijatoa doo yangu kwa chuo chochote, nilitaka kujua kama swali la shangazi lina msingi.

Halina. Hapa Afrika Mashariki, digrii kutoka mbali ndiyo iliyotangulia.

Tuanze London. Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake ya kwanza mwaka 1836. Mwaka 1858 kikapata hati nyingine iliyobadilisha mchezo: mwanamume yeyote angeweza kufanya mitihani yake hata kama hakusomea katika chuo kilichotambuliwa. Ulisoma kwa mwalimu wa kukodi, ama peke yako jikoni, hawakuuliza. Lipa ada, kaa mtihani, ukipita umepita. Mwaka 1865 mitihani hiyo ilifanywa nje ya Uingereza kwa mara ya kwanza, na ilifanywa Mauritius, kisiwa cha Bahari hii yetu ya Hindi. Mwaka 1878 London kikawa chuo cha kwanza Uingereza kuwafungulia wanawake digrii zake. Sidhani hiyo ni bahati tu. Chuo ambacho hakijali ulilala hosteli gani kina visingizio vichache vya kukufungia nje.

Sasa tuje nyumbani. Makerere iliposhikana na London mwaka 1949, wanafunzi waliokuwa Kampala walianza kusomea digrii za London. Nairobi, Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, na ilipogeuka kuwa Royal College mwaka 1961 ikaingia kwenye mpango huo huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea kwa jina lake mwaka 1970 tu. Kwa haki, wanafunzi hao walikuwa na walimu, maktaba na hosteli. Lakini mtaala ulipitishwa London, mtihani ulipitishwa London, na cheti kiliandikwa London. Kizazi cha wazee tunaoambiwa walisoma "zamani, wakati digrii ilikuwa digrii" kilikuwa na watu wengi ambao chuo kilichowapa cheti hakikuwahi kuwaona.

Halafu kuna Mandela. Watu hupenda kumtaja kwa gereza, lakini kabla ya gereza alikuwa msee aliyeacha chuo. Aliondoka Fort Hare mwaka 1940 baada ya mvutano na wakuu wa chuo kuhusu baraza la wanafunzi. Alienda Johannesburg, akaajiriwa karani katika ofisi ya mawakili, akaishi mtaa wa Alexandra, na usiku akasoma kwa posta kupitia UNISA. Mwishoni mwa 1942 alikamilisha BA yake. Mwaka uliofuata alirudi Fort Hare kuvaa joho, chuo kile kile alichokuwa amekiacha. Kwa hivyo BA ya mtu anayeheshimiwa kuliko wote katika bara hili ilikuwa ya posta. Nikikutana na shangazi tena nitaanzia hapo.

Kenya yenyewe iliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya uhaba wa walimu. Baada ya uhuru watoto walijaa shuleni, na walimu wengi waliokuwa mbele ya ubao walikuwa na masomo kidogo tu kuliko wanafunzi wao. Huwezi kuwatoa wote darasani uwapeleke chuoni. Nani atabaki na watoto? Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, kilianzisha kitengo cha masomo ya posta kule Kikuyu, kwa msaada wa Wamarekani. Walimu wa shule za msingi walitumiwa masomo kwa barua, wakajibu maswali, wakarudisha, na kazi ikarudi imesahihishwa kwa wino. Redio, yaani Sauti ya Kenya, iliwasomea vipindi vya kusindikiza barua hizo. Hakuna aliyeita hiyo teknolojia. Ilikuwa stempu na betri.

Kutoka kwa mti huo huo, mwaka 1986, Nairobi ilitoa digrii yake ya kwanza ya masafa: B.Ed ya Sanaa. Angalia vizuri: ya Sanaa. Historia, jiografia, fasihi, Kiswahili, dini. Masomo haya hayahitaji maabara. Yanahitaji kitabu, muda, na mtu makini wa kusoma ulichoandika akwambie umekosea wapi.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa upande wa Mwala, ni mmoja wa waliopita njia hiyo. Anakumbuka vijitabu vilivyofungwa kwa karatasi ya kaki, kaseti, na likizo za Aprili na Agosti ambazo hakuwahi kuzila kama likizo, kwa sababu ndipo walimu-wanafunzi walikutana ana kwa ana na wahadhiri. Mchana alifunza, jioni akaangalia ng'ombe, usiku akawasha taa. Ilimchukua miaka mingi kuliko mwanafunzi wa hosteli. Nilimuuliza kama kuna mtu aliwahi kumwambia digrii yake si ya ukweli.

"Kijana," akasema, "TSC iliniongeza mshahara. Ulitaka nani mwingine athibitishe?"

Kama tulianza mapema hivyo, mbona chuo huria kilichukua muda mrefu hivyo? Watanzania walipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, kukiwa na vituo mikoani. Uingereza walikuwa na chao tangu 1969. Sisi tulizunguka. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, ambayo baadaye makao yake yalihamia Nairobi. Wahadhiri wa ng'ambo waliletwa kwa setilaiti hadi vyuoni, Kenyatta kikiwemo. Ilikuwa ajabu ya wakati wake, lakini mwanafunzi bado alilazimika kupanda matatu hadi kilipo chumba chenye televisheni. Umbali wa profesa uliondolewa, umbali wa mwanafunzi ukabaki.

Na mwaka 1998 Nairobi ikafungua Module II, masomo ya kujilipia. Vyuo vingine vya umma vikaingia njia hiyo, na vikagundua kwamba mtu aliyekosa nafasi ya serikali yuko tayari kulipa karo kamili, jioni, baada ya kazi. Kampasi zikachipuka mijini, juu ya supamaketi na kando ya benki. Kwa maoni yangu hapo ndipo elimu ya posta ilipopoteza. Mbona umtumie mtu barua na kumsahihishia kwa subira, wakati unaweza kukodi ghorofa na kumkalisha darasani kwa bei kubwa? Aliyeweza kulipa alipata chuo karibu na kituo cha matatu. Asiyeweza alibaki alipokuwa.

Waliobaki na masomo ya mbali ya sanaa, cha kushangaza, ni watu ambao hawangeweza kutoka walipo. Kuanzia 2010, mradi wa Wajesuiti uliwaletea wakimbizi wa Kakuma diploma ya masomo huria kutoka Regis University ya Denver, Marekani. Kutoka 2013, vyuo vya Kenyatta na Moi viliungana na York University ya Canada kufunza wakimbizi wa Dadaab, na baadhi yao wakamaliza na BA. Kule Kamiti, wafungwa wamesomea sheria kwa mbali, na chuo ni kipi? Ni London ile ile ya 1858. Nikiambiwa kwamba fasihi na falsafa ni starehe ya watoto wa matajiri, huwaza mtu aliyekaa hemani miaka kumi na bado akachagua kusoma historia. Huyo hakuwa akitafuta starehe. Alitaka kuelewa kilichomfikisha pale.

Sasa tufike kwetu. Tarehe 3 Agosti 2023, Rais William Ruto alikabidhi hati ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya. Makao yake ni Konza Technopolis, ule mji wa teknolojia wa ekari 5,000 kwenye mpaka wa Machakos na Makueni. Wenyeji wa hapa wanajua Konza ina mazoea ya kutupita. Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza bara kabla Nairobi haijakuwa kitu. Halafu reli ikaja, ikapitia Konza, ikaiacha Machakos kando milimani, na mwaka 1899 ikafika Nairobi. Mwaka huo huo John Ainsworth akahamisha ofisi yake kwenda huko. Tulibaki na jina kwenye stendi ya mabasi ya Nairobi.

Safari hii nilidhani tumepata. Chuo bila hosteli, bila geti, kikiwa jirani, na mlango wake ni simu yangu. Kisha nikasoma orodha ya digrii zake za kuanzia: sayansi ya data, usalama wa mitandao, elimu ya teknolojia, biashara na ujasiriamali, uchumi na takwimu. Historia haikuwemo. Fasihi haikuwemo. Falsafa ndiyo usiulize.

Naelewa hesabu yao. Nchi ina vijana wengi bila kazi, na hakuna mwanasiasa atakayesimama jukwaani kuahidi digrii za fasihi. Lakini kumbukumbu yetu wenyewe inaonyesha kwamba sanaa ndiyo iliyobeba elimu ya masafa hapa Kenya. Mabarua ya Kikuyu, B.Ed ya 1986, Kakuma, Dadaab. Ni masomo ya bei nafuu zaidi kupeleka mbali, na ndiyo yaliyojaza madarasa ya sekondari walimu wa Kiswahili na historia. Kuanzisha chuo huria bila masomo hayo ni kama kufungua hoteli Machakos ukasahau muthokoi. Utapata wateja, lakini kuna mtu ataingia, aangalie menyu, atoke polepole.

Sitaki kupamba posta pia. Kusoma mbali kunashusha bei ya kuingia. Mlima wenyewe haupungui. London ya 1858 ilikupa mtihani bila mwalimu, na aliyekuwa na pesa za mwalimu wa kukodi alikuwa mbele tayari. Leo bando huisha katikati ya somo, stima hupotea, mteja anataka makala saa tatu usiku, na hakuna mwenzako wa kukuuliza mbona hukuonekana darasani. Wengi huacha njiani. Nikimsikiliza mjomba vizuri, kilichomvusha si vijitabu. Ni kwamba kazi yake ilirudi na wino wa mtu aliyeisoma, na kwamba walimu watatu wa tarafa yake walikuwa kwenye safari hiyo hiyo, wakikutana Jumamosi kuulizana. Chuo chochote cha mbali nitakachochagua nitakiuliza maswali hayo mawili kabla ya kuuliza karo: nani atasoma kazi yangu, na nani yuko nami?

Kikwazo changu cha leo hakihusu intaneti. Chuo nilichoacha, ambacho sitakitaja, hakitoi transkripti hadi nilipe karo iliyobaki: Sh 38,000. Bila karatasi hiyo, miaka miwili niliyosoma haihesabiki popote na nitaanza upya. Wafungwa wa Kamiti walivuka ukuta, Mandela alivuka Fort Hare, na mimi nimezuiwa na risiti. Nimeshaweka Sh 21,500. Mwezi huu nina makala nne za kumalizia, moja ni ya mashine za kukata nyasi, na nitaziandika zote.