Mjusi Asiye na Miguu na Msitu wa Kakamega

Barabara ya Waiyaki, itokayo upande wa Muthangari kuelekea katikati ya Nairobi, humfikisha mpitaji chini ya kilima penye Makavazi ya Kitaifa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa viumbe asilia. Mwaka 1914, kabla ya makavazi kuhamia kilimani, yalipata mtunzaji kijana kutoka Wales, Arthur Loveridge, ambaye baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alitumia miongo kadhaa kuainisha, yaani kupanga katika makundi ya kisayansi, mijusi na nyoka wa Afrika Mashariki. Mwaka 1935 alieleza spishi mpya ya mjusi asiye na miguu kutoka Voi, akaiita Acontias percivali kwa heshima ya Blayney Percival, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori nchini Kenya.

Huyo ni wa nyika. Mwenzake wa msituni, Feylinia currori, ana historia ndefu zaidi, na yenye kuchekesha kidogo. John Edward Gray wa London alimpa jina mwaka 1845 kwa kielelezo kutoka Angola. Miaka ya 1880 George Boulenger akamweka katika familia moja na mjusi wa Mexico, kwa kuwa wote wawili hawakuwa na miguu na macho yao yalifunikwa na magamba. Baadaye alitengewa familia yake mwenyewe, kabla ya kurejeshwa miongoni mwa mijusi-islamu, wale wenye magamba laini yanayong'aa.

Wanaomwona humdhania nyoka, ingawa nyoka wengi wana magamba mapana tumboni, ilhali yake yanalingana mwili mzima. Hana tundu la sikio. Hupenya udongo na majani yaliyooza kwa pua yake bapa, akila mchwa, na huzaa watoto badala ya kutaga.

Nchini Kenya anajulikana kutoka Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka bonde la Kongo. Kiumbe anayeishi ndani ya udongo wenye unyevu si wa kuvuka mbuga kavu, hivyo ni vigumu kueleza kuwako kwake huko bila kukubali kwamba zamani msitu ulikuwa mmoja. Ndiyo maana mjusi wa Kakamega na yule wa Angola, waliotenganishwa na bara karibu zima, bado wanaitwa kwa jina moja, huku yule wa Voi, aliye karibu zaidi kwa ramani, akiwa wa ukoo mwingine.