Nani njo alichelewesha mihogo? Historia fupi ya kauli ya kutendwa katika Kingereza

Leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya mmomonyoko wa udongo. Nitaandika juu ya gramere ya Kingereza. Najua kuna wenye watacheka: agronomu anatafuta nini huko? Ngojeni kwanza niwapatie sababu.

Miaka mbili imepita, nilikuwa natumika katika mradi moja ku bonde la Ruzizi. Kazi yetu ilikuwa kuletea vikundi vya wamama vijiti vya mihogo vyenye havina mozaiki. Vilipaswa kufika mwanzo wa saizo A, mwezi wa tisa, wakati mvua inaanza. Vilifika wiki sita nyuma, nusu yake vimekauka. Wenye kujua mihogo wanajua: kijiti kikishakatwa hakingoji mtu. Wamama walipanda vile vilivyobaki, na sehemu kubwa ya mashamba ilikaa bila kitu saizo nzima.

Raporo ilipaswa kuandikwa kwa Kingereza, juu wafadhili hawakuwa wanasoma Kifaransa. Nikaandika: "The cuttings were distributed late and some losses were observed." Gramere haina kosa. Mkubwa wangu akaisoma, akasema ni muzuri. Raporo ikaenda.

Kisha tulirudi ku kijiji kwa mkutano wa tathmini. Nikasoma ile sentensi kwa Kiswahili: vijiti viligawanywa kwa kuchelewa, na hasara zilionekana. Mama kiongozi wa kikundi akanyanyua mkono. "Mwana wangu, tunajua vilichelewa. Nani njo alivichelewesha?"

Nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Karatasi ya komande ilikaa ku meza yangu siku 11 bila sahihi, juu nilikuwa nakimbizana na kazi ingine. Kisha ikakaa ku ofisi ya juu karibu mwezi moja. Tangu siku ile nikaanza kutafuta: hii sentensi yenye kuwa na kitendo lakini haina mtu, Kingereza kiliitoa wapi?

Tuanzie mbali. Kingereza cha kale, kile cha mbele ya Wanormani kuvamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na njia mbili za kutengeneza kauli ya kutendwa. Moja ilitumia kitenzi weorðan, chenye maana ya kugeuka ao kufikia hali fulani. Ya pili ilitumia beon ao wesan, yaani kuwa tu. Mpaka kati yake haukuwa mkali, lakini kwa sehemu ya kwanza ilielekea ku tukio lenyewe, na ya pili ku hali yenye inabaki nyuma ya tukio. Wajerumani wangali na tofauti hiyo mpaka leo kwa werden na sein.

Sisi wenye Kiswahili tunaielewa haraka. Kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Ile -w- inasema kuna mtu. Ile -ik- inasema tuangalie tu vipande. Mtoto mwenye akili akivunja kikombe cha mama yake, hawezi hata siku moja kusema kimevunjwa. Atasema: mama, kimevunjika!

Basi, katika karne zilizofuata, wakati wa Kingereza cha kati, kile kitenzi weorðan kilipotea. Ikabaki njia moja. Leo "the cup was broken" inaweza kuwa kimevunjwa, inaweza tena kuwa kimevunjika. Msomaji anachagua. Njo maana sentensi yangu ilipita bila tatizo kwa Kingereza, ila kwa Kiswahili ikaninasa. Nilisema "viligawanywa", na -w- ya kwetu daima inaachia nyuma yake fasi ya "na nani". Mama aliona tu kama ile fasi iko wazi.

Kuna kitu kingine kilipotea wakati ule. Kingereza cha kale kilikuwa na neno man, lenye kufanya kazi kama "on" ya Kifaransa: mtu fulani, watu, hatujali nani. Siye tunasema "banasema", "baliniambia". Neno lile lilikufa kufikia karne ya 15. Lilipoondoka, Kingereza kilihitaji njia ingine ya kusema jambo bila kutaja mtu, na kauli ya kutendwa ikabeba sehemu ya ule mzigo. Wataalamu wengi wanaona njo sababu moja ya Kingereza kuitumia mingi kushinda lugha za jirani zake.

Hata lile neno "by", lenye kufanya kazi ya "na" yetu, halikukaa pale tangu mwanzo. Zamani walitumia maneno mbalimbali. Katika Biblia ya Kingereza ya mwaka 1611, Yesu anabatizwa "of" Yohana, si "by" Yohana. Kidogo kidogo "by" ikashinda zingine.

Kisha kuna vita moja yenye kunichekesha. Mpaka karne ya 18, Mwingereza aliyeona nyumba inajengwa alisema "the house is building", kama vile nyumba njo inajenga. Mwisho wa karne ile ikaanza kuonekana sura mpya: "the house is being built". Mshairi Robert Southey aliitumia katika barua ya mwaka 1795, akieleza juu ya mtu mwenye kung'olewa jino. Leo kila mwanafunzi wa Kingereza anaijua. Lakini katika karne ya 19 walimu wa lugha waliichukia vikali. Mmarekani Richard Grant White aliishambulia katika kitabu chake cha mwaka 1870, akiona ni uharibifu wa lugha. Watu wakaendelea kuitumia. White alishindwa.

Na siye wa sayansi? Ku iniversite walitufundisha kuandika bila "mimi": udongo ulichukuliwa, sampuli zilipimwa. Nilifikiri sayansi ilizaliwa hivyo. Hapana. Jarida la Royal Society lilianza London mwaka 1665, na waandishi wake wa kwanza walisema "mimi" bila haya. Newton, akieleza majaribio yake ya mwangaza mwaka 1672, anasimulia mwenyewe alichonunua, alichofanya na alichoona. Ile desturi ya kujiondoa ilikua katika karne ya 19, na karne ya 20 ikaifanya kama sheria. Ilikuwa na sababu ya haki: jaribio linapaswa kutoa matokeo sawa hata likifanywa na mtu mwingine. Ila kupima asidi ya udongo ni jambo moja, na kuchelewesha komande ni jambo lingine. Mimi nilichukua desturi ya laboratware nikaifunikia uzembe wa ofisi.

Wapinzani walitokea. Mwaka 1918 William Strunk, profesa wa Cornell kule Marekani, alichapisha kijitabu kwa wanafunzi wake, akawashauri watumie kauli ya kutenda. E. B. White akakipanua mwaka 1959, na kikaenea shule nyingi. Mwaka 1946 George Orwell naye akaandika insha juu ya siasa na lugha, akaweka sheria: usitumie kauli ya kutendwa fasi unaweza kutumia ya kutenda. Jambo la kushangaza, sentensi ya kwanza ya insha ileile iko na kauli ya kutendwa ndani! Wataalamu wa leo wanamcheka juu ya ile. Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Wanasiasa waliipenda sana sura ile. Mwaka 1987, Rais Reagan akizungumza mbele ya Kongresi juu ya silaha zilizouzwa Iran, alikubali kwamba makosa yalifanyika. Na nani? Sentensi haikusema.

Sasa tuje kwetu, juu Kingereza kina historia ndani ya Kongo hii.

Mwezi wa saba mwaka 1890, Mmarekani mweusi George Washington Williams alikuwa Stanley Falls, leo Kisangani. Akaandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold II, na mashtaka 12 ndani. Angalieni namna alivyoyajenga. Mengi yake yanaanza na mtendaji: Serikali ya Mfalme. Serikali ya Mfalme inakosa hiki, imevunja kile, inapigana vita vya dhuluma. Mshitakiwa anakaa mbele ya kitenzi, hana fasi ya kujificha. Williams alikufa mwaka uliofuata, 1891, barua yake bado haijazaa matunda mengi.

Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza ku Boma, alipanda mto, akasikiliza watu wenye kutoroka kazi ya mpira. Aliandika majina: majina ya mashahidi, majina ya washitakiwa, majina ya vijiji. Raporo ilipotoka London mwezi wa pili mwaka 1904, wizara yake ilikuwa imeondoa majina na kuweka herufi tu. Casement alikasirika sana. Ninamwelewa. Kitendo kilibaki, mkono uliokatwa ulibaki, lakini mtendaji akageuka herufi ya alfabeti. Hata sentensi ikiwa ya kutenda, mtu akitolewa ndani yake, ni kama imegeuzwa ya kutendwa.

Na tarehe 30 Juni 2020, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais Tshisekedi barua ya majuto makubwa. Aliandika kwa Kifaransa, lakini gramere ni ileile: vitendo vya ukatili vilitendwa. Jina la Leopold halimo. Sikatai uzito wa barua ile, juu hakuna mfalme wa Ubelgiji alikuwa ameisha kusema vile. Ila nilipoisoma nilisikia sauti ya yule mama wa Ruzizi.

Sisemi tutupe kauli ya kutendwa. Iko na kazi yake. Tukisema Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, tunaweka Lumumba mbele ya wauaji wake, na ni haki yake kukaa mbele. Lakini "na nani" ilibaki inangoja. Mwaka 2001 njo tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya wakubwa wa Ubelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili. Miaka 40 kujibu swali la maneno mawili.

Yangu ilichukua siku 4. Niliandika raporo nyongeza, kwa Kingereza: mimi nilikaa na komande siku 11, ofisi ya juu ikakaa nayo karibu mwezi moja. Wamama wakapata vijiti vingine ku saizo B. Mwisho wa mwaka, mkataba wangu haukuendelezwa. Na nani? Hapo mnaweza kukisia wenyewe.

Wadogo zetu wenye kuanza kuandika raporo za ONG, nawaomba jambo moja tu. Mkimaliza, chukueni kalamu, na nyuma ya kila "was" na "were" andikeni "na nani?" Fasi jibu halina maana, endeleeni. Fasi mnasikia aibu kulijibu, njo fasi ya kurudia kuandika.