Nani Mshenzi?

 

Ningependa tuanze na neno moja ambalo nahofia umelitumia mwezi huu huu, tena ukiwa umefunga. Neno hilo ni "mshenzi". Utalisikia steji ya matatu kondakta akigombana na abiria. Utalisikia kwenye foleni ya malori pale mpakani, dereva mmoja akimchomekea mwenzake. Hata nje ya msikiti utalisikia, mtu akitoka tarawehe akakuta ndara zake zimebebwa. Sisi tuliokulia hapa Burumba tumelizoea kiasi kwamba halitushtui tena. Ni tusi tu, unasema, unapita.

Kumbe neno hili lina historia, na historia yenyewe imepita karibu sana na milango yetu.

Nimeamua kuliandikia kwa sababu kila ninakokwenda, chuoni na nyumbani, nasikia kilio kimoja: ustaarabu unakwisha. Wazee wanalaumu simu, walimu wanalaumu wazazi, wazazi wanalaumu walimu, na sisi vijana tunalaumiwa na wote. Sikatai kwamba kuna jambo limeharibika. Lakini vijana wenzangu, kabla hatujasimama kuulinda ustaarabu hebu tujiulize ni kitu gani hasa, na ni nani aliyepewa kazi ya kuamua kwamba huyu anao na yule hana.

Tazama lenyewe neno "ustaarabu". Ukiwa umekaa madrasa hata miaka miwili utaliona shina lake: ni lile lile la "Arabu". Maana yake ya asili ni kufanana na Waarabu, kuchukua mwenendo wao. Zamani watu wa pwani walipotaka kumsifu mtu mwenye adabu, walisema ana uungwana. Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake kutoka Oman kuja Zanzibar, mambo ya Uarabuni yakapanda bei: mavazi, vyakula, mpaka namna ya kuzungumza. Ndipo neno ustaarabu likashika nafasi ya uungwana. Na upande wa pili wa sarafu hiyo akawekwa mshenzi, yaani mtu wa bara. Mtu asiye na mji, asiye na dini, asiye na kanzu. Kwa ufupi, mtu kama babu wa babu yangu, maana mimi kwa upande wa mama ni Mkhayo, na hakuna babu yangu aliyezaliwa akiona bahari.

Sasa njoo nami mpaka Mumias, mwendo usiofika masaa mawili kwa matatu kutoka hapa. Katika miaka ya 1880 mahali pale, boma la Nabongo Mumia wa Wawanga, palikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani ikielekea Uganda. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskochi, alifika mwaka 1883 akakuta Waswahili wameshatangulia. Walikuwa wakifuata pembe za ndovu. Kwa njia hiyo hiyo ndiyo Uislamu ukafika sehemu zetu, na mimi ninayeandika haya nisingejua alifu wala bee kama misafara ile isingepita. Shukrani hiyo siiondoi.

Lakini misafara ile ilikuwa na bunduki, na ilikuwa na minyororo. Gideon Were, aliyetoa kitabu chake cha historia ya Waluhya mwaka 1967, ni mmoja wa waliokusanya simulizi za wazee kuhusu nyakati zile. Wabukusu, majirani zetu wa kaskazini, waliishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Watu hawajengi kuta za namna hiyo kwa ajili ya fisi tu. Wafanyabiashara wa pwani walishirikiana na wenyeji wengine kushambulia vijiji, wakachukua ng'ombe, pembe na watu pia.

Hapa ndipo nataka utulie kidogo, ndugu yangu. Mtu wa msafara alikuwa Muislamu. Alifunga kama unavyofunga wewe. Alijua kwamba mtu huru hauzwi. Aliwezaje basi kumtia mnyororo mtu huru? Alipata njia, na njia hiyo ilikuwa neno. Huyu si mtu huru, huyu ni mshenzi. Jina likawa kibali. Akifika pwani, mtumwa mgeni akaitwa jina jingine, "mjinga", kwa kuwa hakujua lugha ya mji wala adabu zake. Neno hilo leo tunawarushia watoto wetu wakishindwa na hesabu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, lakini maneno yale mawili hakuna aliyeyafunga. Bado tunayo mdomoni.

Ustadh wetu alikuwa akipenda kutusimulia kisa cha Abu Dharr na Bilal (R.A.). Unakijua. Siku moja Abu Dharr alikasirika, akamtukana Bilal kwa weusi wa mama yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimwambia Abu Dharr kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Nilipokuwa mdogo nilikiona kisa hiki kama cha adabu ya ulimi tu, usitukane wenzako basi. Sasa nakiona tofauti. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Hakumpiga Bilal, hakumuibia. Alitamka jina tu, na jina hilo likatosha kumrudisha kule alikotoka. Kwa hiyo ujahilia, ambao ndio ushenzi wenyewe, si lazima uwe wa watu wa mbali wasiojua kusoma. Unaweza kukaa ndani ya sahaba.

Tukirudi kwenye mada yetu, Wazungu walipokuja waliikuta kazi hii ya majina imeshaanza, wakaiendeleza kwa lugha yao. Mwaka 1895 ofisa wao C. W. Hobley aliongoza jeshi kutoka Mumias kwenda kuwapiga Wabukusu. Ngome ya Lumboka ilianguka, kisha Chetambe, kwenye mlima ule ulio karibu na Webuye. Mamia ya watu waliuawa. Vita vile viliitwa kuwatia adabu watu wakali, kuleta ustaarabu. Nami nilidhani ni hadithi ya Wazungu na Wabukusu peke yao, mpaka niliposoma jeshi lenyewe lilikuwa la nani. Walikuwemo askari wa Kisudani, Waislamu. Walikuwemo Waswahili, Waganda, Wawanga. Aliyeitwa mshenzi jana na msafara alikuwa amepigwa tena leo, na baadhi ya wapigaji wakapumzika kusali.

Kisha mistari ikachorwa. Mwaka 1902 upande wetu huu ukatolewa Uganda ukaingizwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mwaka 1926 mpaka ukawekwa kwa kufuata mito kama Malaba na Sio. Wasamia, Wakhayo na Wateso wakajikuta huku na huku. Huyu Mkenya, yule Mganda, na mama yao mmoja. Mpaka huo ndio uliotupatia pia neno ambalo dunia nzima imeliazima, bodaboda: vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka boda hadi boda. Angalau neno hilo halimdhuru mtu, isipokuwa ukipanda bila kukubaliana bei.

Katika mpaka huu watu wamekuwa wakipokezana ukimbizi. Tarehe 21 Septemba 1972 wanajeshi waliingia Mahakama Kuu ya Kampala wakamkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mchana, ndani ya jumba la sheria. Hakurudi. Ikiwa jaji anatolewa mahakamani namna hiyo, mkulima wa kawaida atakimbilia wapi? Waganda wengi wakavuka kuja kwetu. Na tuseme ukweli ambao kwenye majarida yetu huwa tunauzungukia: Idi Amin alikuwa Muislamu, na wengine wetu mpaka leo wanamtetea kwa sababu hiyo tu.

Januari 2008 ikawa zamu yetu. Baada ya uchaguzi, kule Bonde la Ufa watu waliitwa "madoadoa", yaani uchafu kwenye nguo safi. Doa hufanywa nini? Hufuliwa. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu wamo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu ya Wakenya wakavuka Busia na Malaba kuingia Uganda, wakapokelewa kambi ya Mulanda kule Tororo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mama anasimulia alivyowaona wakipita na magodoro kichwani, wengine na kuku mkononi. Miaka 14 kabla ya hapo, Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende. Sihitaji kukueleza mende hufanywa nini. Waislamu wengi wa kule, wachache kama walivyokuwa, walikataa neno hilo na wakawaficha majirani zao majumbani. Hili nalo ni la historia yetu, na sijui kwa nini hatulisomeshi.

Na sisi tumepata watu wa kutuharibia kwa jina la dini. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, Al-Shabaab walisimamisha basi wakawatenga abiria, wakaua 28. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Wanafunzi kama mimi, wengine walikuwa wameamka kusali sala zao za alfajiri. Neno lililotumika safari hii ni "kafiri", nalo lilifanya kazi ile ile ya "mshenzi" kwenye njia ya misafara.

Desemba 21 mwaka huo huo wa 2015 wakasimamisha basi jingine, lililotoka Nairobi likielekea Mandera. Wakaamuru Waislamu watoke upande mmoja na Wakristo upande wa pili. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wale wenye bunduki, muwaue wote au muwaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi katika shambulio hilo na akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Watu wale hawakuwa na silaha yoyote. Walichofanya ni kukataa kusema nani ni nani.

Nimekupeleka mbali, ndugu msomaji, sasa nikurudishe Burumba.

Ramadhan iliyopita, kama nusu saa kabla ya maghribi, nilikuwa natoka kununua tende. Mara nikasikia "Mwizi! Mwizi!" Kijana mdogo, labda miaka kumi na sita, ameshikwa na simu isiyokuwa yake. Unajua zinavyokwenda hizi. Dakika mbili watu wamejaa, dakika ya tatu mtu anavingirisha tairi. Wengine tulikuwa na kofia kichwani. Kijana alikuwa anavuja damu sikioni na hakuwa analia tena, alikuwa anatazama chini tu.

Akatokea mama mmoja anayeuza omena. Hakupiga kelele. Alipenya katikati ya wanaume, akasimama karibu na yule kijana mpaka leso yake ikaingia damu, akamuuliza, "Wewe jina lako nani? Mama yako ni nani?" Kijana akajibu kwa sauti ndogo. Yule mama akageuka akalirudia lile jina kwa sauti kubwa, na jina la mama yake, na kijiji chake, kama mtu anayetangaza harusi. Basi, nguvu zikaanza kuwaisha watu. Mmoja aliweka jiwe chini taratibu kana kwamba hakutaka lionekane. Tairi likabaki limelala pale. Baadaye polisi wakamchukua, na simu ikarudi kwa mwenyewe.

Adhana ilitukuta bado tumesimama. Nilifungua swaumu pale pale kwa tende moja, haikushuka vizuri. Sikuwa nimerusha jiwe. Lakini nilipofika tu, kabla sijamwona hata uso wake, nilikuwa nimeshamwambia mtu aliye karibu nami: "Mshenzi huyo, muacheni apate."