Keneli: kiini cha seva, na kwa nini hitilafu yake haizibwi kwa siku moja

Msikilizaji, ukikaa saa moja tu mpakani Tunduma utasikia mtu akisema, "Mtandao hakuna." Wakala wa pesa za simu analisema, wakala wa forodha analisema, na dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde naye analisema. Neno ni moja, lakini sababu ni nyingi. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora nchini kwa sababu nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu. Siku nyingine nyaya ni nzima, minara ni mizima, na tatizo limo ndani ya kompyuta yenyewe. Makala hii inaeleza tatizo la aina hiyo: hitilafu kwenye keneli.

Keneli ni nini?

Seva ni kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Ukituma pesa kwa simu, ukiuliza salio benki, au mzigo wa lori ukiandikishwa forodhani, kuna seva mahali fulani inayoandika hayo yote.

Ndani ya seva zinafanya kazi programu nyingi. Keneli ndiyo programu iliyo chini kabisa, kiini cha mfumo endeshi. Inagawa kumbukumbu ya mashine na kuamua programu ipi iguse nini. Programu ya kawaida ikiharibika, inajifunga na nyingine zinaendelea. Keneli ikiharibika, mashine nzima inaweza kusimama. Au haisimami, ila inaacha mlango wazi kwa wezi.

Keneli iliyoenea sana kwenye seva duniani ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi jijini Helsinki, Ufini. Keneli hiyo ndiyo iliyomo pia kwenye simu janja za Android.

Kosa lililodumu miaka tisa

Mwaka 2016 ilitangazwa hitilafu ya Linux iliyopewa jina la Dirty COW. Ili kuielewa, fikiria daftari la mizani la chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma. Anayetaka kuandika chochote, karani anamtolea nakala aandike humo, na daftari lenyewe haliguswi. Keneli hufanya vivyo hivyo na kumbukumbu ya kompyuta.

Sasa anakuja mjanja. Anaomba nakala, papo hapo anaitupa, anaomba tena, anaitupa tena, haraka haraka. Inafika mahali karani anadhani nakala ipo mezani, kumbe imeshatupwa, na kalamu inatua kwenye daftari halisi. Aliyeruhusiwa kusoma tu amebadilisha kilo. Kwenye seva, mtumiaji wa kawaida aliweza kwa njia hiyo kujipa mamlaka yote ya mashine.

Mlango huo ulikuwa wazi tangu toleo la mwaka 2007. Aliyeugundua, Phil Oester, aliukuta ukiwa tayari umetumika kushambulia seva.

Torvalds alieleza kuwa alishajaribu kuuziba miaka 11 kabla. Kiraka chake kilileta shida kwenye seva kubwa za IBM za aina ya s390, kikaondolewa. Wakati ule hatari ilionekana ya nadharia tu, lakini keneli ilivyobadilika ikawa rahisi kutokea. Kiraka kipya kilitoka Oktoba 2016. Novemba 2017 watafiti wa kampuni ya Bindecy walionyesha kwamba hata hicho kilikuwa na tundu, kikahitajika kingine.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Kampuni zinazotunza Linux kwa ajili ya benki na taasisi kubwa, kama Red Hat na SUSE, hazibadilishi keneli kila toleo jipya linapotoka. Toleo moja linaweza kutunzwa miaka 10, kwa sababu wateja wanataka mashine isiyowashangaza. Kwa hiyo fundi hupitia hatua hizi:

1. Kuirudisha hitilafu kwa makusudi. Isipoonekana tena, ni vigumu kujua kama imepona.
2. Kusoma alama zilizobaki. Keneli ikianguka, seva inaweza kupangwa ihifadhi nakala ya kumbukumbu yake, nayo huonyesha ilikuwa inafanya nini.
3. Kuandika kiraka na kuwapa wenzake wakikague.
4. Kukirudisha nyuma, yaani kukirekebisha kiraka cha keneli mpya kikae kwenye keneli ya zamani.
5. Kukijaribu kwenye mashine za aina mbalimbali, lisije likajirudia la s390.
6. Kukipeleka kwenye seva zinazofanya kazi. Kwa kawaida lazima seva izimwe na kuwashwa, ndiyo maana matengenezo mengi hufanyika usiku. Tangu Linux 4.0 ya mwaka 2015, baadhi ya viraka vinaweza kuwekwa bila kuzima.

Kuruka hatua kuna gharama. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi, inayofanya kazi ndani ya keneli ya Windows. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege, benki na hospitali zilikwama, na kompyuta nyingi zilibidi kutengenezwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Hii inakuhusu vipi wewe?

Septemba 2017 kampuni ya Trend Micro iligundua programu hasidi ya simu, ZNIU, iliyotumia mlango ule ule wa Dirty COW. Ilijificha ndani ya programu za michezo na nyinginezo, na huko China iliiba pesa kupitia malipo ya ujumbe mfupi. Kiraka kilikuwa kimeshatoka karibu mwaka mzima. Simu zilizokuwa hazijakipata zilibaki wazi.

Basi, kama una simu ya Android, fanya haya:

- Ingia kwenye Mipangilio, tafuta sasisho la mfumo, na ukubali likija. Tumia chaji ya kutosha na bando au Wi-Fi.
- Pakua programu kutoka Play Store, si faili unayorushiwa kwenye kundi la WhatsApp.
- Kama simu yako ni ya zamani na haipokei tena masasisho, ongeza tahadhari kwenye kila unachopakua.
- Muamala ukikwama, angalia salio na ujumbe kwanza kabla ya kutuma tena.

Fundi akishamaliza hatua zake zote, kwenye simu inabaki hatua moja, nayo iko mkononi mwako.